Bakteria gani wa utumboni awekwe kwenye chakula cha samaki? Usikimbilie mwenye duara kubwa

Swali la msomaji: "Habari mtaalamu. Nafuga sato na kambare na nimepata nafasi ya kutumia maabara ya chuo. Tulichukua utumbo wa sato wenye afya tukaotesha bakteria, tukichambua kwa muonekano wa koloni (vile vidoa vya bakteria vinavyoota kwenye sahani) tumebaki na 38. Saba kati yao wanamzuia vizuri Aeromonas hydrophila, bakteria anayeleta ugonjwa kwa samaki, kwenye sahani ya maabara, na mmoja ana duara kubwa ajabu, yaani eneo tupu linalomzunguka ambako Aeromonas hakuota. Nataka nimchanganye huyo kwenye chakula ili niachane na antibayotiki. Je niko sahihi? Au nitumie tu vidonge vya probayotiki (bakteria hai wenye faida) vya binadamu? Na nimuweke kabla ya kutengeneza peleti au baada? Na je nikichanganya wawili watatu kwa pamoja?"

Habari nzuri ndugu, na hongera sana, maana hapo ulipofika wengi hawafiki, wengi wananunua unga ulioandikwa probayotiki kwenye pakiti wanamwagia chakula bila kujua ndani kuna nini na kama kiko hai. Hiyo nia ya kuachana na antibayotiki naiunga mkono kwa moyo wote. Umoja wa Ulaya ulishapiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006, na sababu ndo hiyohiyo ya bwawani kwako, ukimwaga dawa kila mara wanaobaki ni wale sugu na usugu wenyewe haukai kwa samaki tu, unahama.

Ila kwa swali la kwanza jibu langu ni hapana, usimchague huyo mwenye duara kubwa, angalau sio saivi na sio kwa sababu hiyo peke yake.

Lile duara linakwambia kitu kimoja tu, kwamba kwenye agari ile (jeli ya kuoteshea bakteria) na kwa joto lile bakteria wako alitoa kitu kilichomzuia Aeromonas asiote. Kitu chenyewe kinaweza kuwa asidi ya kawaida, kinaweza kuwa haidrojeni peroksaidi, kinaweza kuwa bakteriosini yaani protini anayotumia kuua bakteria wenzake, na ukubwa wa duara unabadilika hata kwa unene wa agari uliyomwaga. Kujua ni kipi sio kazi ngumu: chukua supu (maji ya lishe) uliyomuoteshea, ichuje, irudishe kwenye pH 6.5 kisha ipime tena, duara likipotea ujue ilikuwa asidi, likibaki ongeza katalasi, kimeng'enya cha kuvunja peroksaidi, uiondoe, likibaki tena weka kimeng'enya cha kuvunja protini na hapo likipotea una bakteriosini mkononi. Kwenye utumbo mambo ni mengine kabisa, chakula hakijajaa vile, kuna mamilioni ya bakteria wengine, kuna nyongo, kuna ute, na kila kitu kinasukumwa kwenda nje. Kumchagua kwa duara tu ni kama kuajiri mlinzi kwa kumwangalia anavyopiga ngumi gunia la mchanga, hujajua bado kama usiku atakuwepo getini.

Na hili sio la kubuni, limeshatokea. Kuna bakteria anaitwa Pseudomonas fluorescens AH2, mwaka 1999 watafiti walionesha kwamba ukimuweka kwenye maji ya trauti walioambukizwa Vibrio anguillarum, bakteria mwingine wa magonjwa ya samaki, vifo vinashuka karibu nusu, safi kabisa. Mwaka 2001 wakamjaribu kwa salmoni dhidi ya Aeromonas salmonicida, ndugu wa yule Aeromonas wako, kwenye sahani alimzuia vizuri tu, ila kwa samaki hakuwakinga. Bakteria yuleyule! Na mwaka 1995 kule Norwei waliwalisha vifaranga vya salmoni bakteria wa asidi laktiki (jamii ya wale wanaogandisha maziwa) halafu wakawaambukiza Aeromonas salmonicida, waliolishwa bakteria ndo wakafa zaidi. Ndo maana nasema sahani ni ya kupunguzia idadi ya wagombea, sio ya kutoa mshindi, samaki ndo anatoa mshindi.

Sasa tuanze mchujo wenyewe, na mi naanza na usalama kabla ya sifa yoyote, najua watu wengi wanafanya usalama mwishoni wakishampenda bakteria wao na hapo kumuacha inakuwa ngumu, unaanza kumtetea. Kwanza hao 38 nina wasiwasi sio 38, koloni zinazofanana zinaweza kuwa tofauti na zinazotofautiana zinaweza kuwa mmoja, kwa hiyo fanya utambulisho mapema hata kwa jini ya 16S tu, ile inayosomwa kutambua aina ya bakteria, kwa kuanzia. Pili, utumbo wa samaki wa maji baridi aliye mzima kabisa huwa na Aeromonas na Plesiomonas wa kutosha, hao ni wakazi, kwa hiyo usishangae hata kidogo huyo bingwa wako mwenye duara kubwa akiwa naye ni Aeromonas. Samaki mwenye afya sio ushahidi kwamba kila anayeishi ndani yake ni mwema, siku maji yakichafuka au samaki wakibanana haohao ndo wanageuka.

Usidanganyike na jina la familia pia. Watu wakisikia bakteria wa asidi laktiki wanapumua, lakini Lactococcus garvieae ni wa humohumo na anaua trauti vibaya sana, Streptococcus agalactiae anayemaliza sato naye yuko kwenye kundi kubwa hilohilo la uainishaji, na Carnobacterium maltaromaticum kuna aina zake zinazosaidia na kuna zinazowaletea samaki ugonjwa. Kwa upande wa Bacillus wa kumwogopa ni kundi la Bacillus cereus, na hapo 16S haikusaidii kwasababu ndugu wa kundi lile wanafanana mno kwenye jini hiyo, inabidi usome jenomu nzima, yaani jini zote za bakteria huyo.

Kisa kinachonifanya nisilegeze hapo ni cha Bacillus toyoi. Huyu ni miongoni mwa bakteria wa mwanzo kabisa kutumika kwenye chakula cha samaki wa kufugwa, mwaka 1986 kule Japani spora zake (umbo gumu la bakteria aliyelala) zilitumika kwa samaki aina ya Seriola, na baadaye akaruhusiwa Ulaya kwenye chakula cha nguruwe, kuku na wanyama wengine. Mwaka 2013 Ulaya ikasimamisha vibali vyake, baada ya wapimaji wa usalama wa chakula kuona ana usugu wa tetrasaiklini na kloramfenikoli na uwezo wa kutengeneza sumu. Fikiria, miaka yote hiyo. We ulianza safari hii ili ukimbie usugu wa dawa, halafu uje kuumwagia bwawa mabilioni kwa mabilioni ya bakteria waliobeba jini za usugu kila asubuhi? Hapana jamani.

Kwa hiyo kila aliyebaki apite kwenye agari ya damu kwa joto la samaki na pia kwa nyuzi 37, anayeyeyusha damu anatoka bila mjadala hata kama duara lake kubwa kiasi gani. Halafu mpime dhidi ya antibayotiki za kawaida. Hapa kuna jambo linachanganya watu: usugu mwingine ni wa kuzaliwa nao na hauhami, mfano Lactobacillus wengi hawadhuriki na vankomaisini na hilo peke yake sio kosa, tatizo ni jini za usugu zilizokaa kwenye plasmidi (kipande cha DNA kinachojitegemea ndani ya bakteria) au sehemu zinazoweza kurukia bakteria mwingine. Ndo maana kwa wale wawili watatu wa mwisho utahitaji jenomu, chuo kikikusaidia kwenye hilo usikatae. Mwisho kwenye usalama, wape samaki wachache dozi mara 10 ya utakayotumia kwa wiki kadhaa kisha angalia wanavyokula, rangi, matamvua, pasua uone ini na utumbo. Ukimaliza hapa nadhani kwenye 38 utabaki na wachache tu, na hiyo ni habari njema, sio mbaya.

Baada ya usalama ndo tunauliza je atafika? Kwa sato hapa ndo pagumu kuliko watu wanavyodhani. Tumbo la sato ni kali mno, mmeng'enyo ukikolea pH inaweza kushuka chini ya 2, bakteria wengi wanafia hapo. Karpi kwa mfano hana tumbo kabisa, chakula kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo, kwahiyo aliyefanya vizuri kwa karpi hana uhakika wowote kwa sato wako, hata kipimo chenyewe cha asidi kwa karpi hakina maana kubwa. Wewe fanya hivi: bakteria waweke kwenye maji ya chumvi yaliyorekebishwa kuwa pH 2, hesabu wakati wa kuanza, hesabu baada ya saa 1, hesabu baada ya saa 3, kwa joto la maji yako. Aliyeanza milioni 100 akabaki elfu kadhaa huyo mwache. Kisha nyongo. Wengi wanatumia nyongo ya asilimia 0.3 ambayo ni kipimo kilichotoka kwenye kazi za probayotiki za binadamu, mi napendelea nyongo ya samaki wenyewe, ukipasua sato utaona kile kifuko cha kijani karibu na ini, inyonye kwa sindano taratibu, ichuje kwa kichujio cha kuzuia bakteria, uoteshe bakteria wako ndani ya supu yenye hiyo nyongo kwa viwango tofauti uone nani anaota na nani anavumilia tu bila kuota. Tofauti hiyo iandike, ina maana.

Halafu kushika ute. Hapa naomba nikuulize utumbo mliutayarishaje? Kama mlichukua utumbo na chakula ndani mkasaga pamoja basi sehemu ya bakteria wenu ni abiria tu, wamekuja na chakula au maji. Ukirudia, waache samaki bila chakula kati ya saa 24 na 48, osha utumbo kwa maji ya chumvi safi mara tatu, kisha kwangua ute wa ukutani, humo ndo wapo wanaoshika. Na joto la kuoteshea liwe la bwawa sio nyuzi 37 kwa mazoea ya maabara za hospitali, samaki joto lake ni la maji aliyomo. Kwa pembeni tu nikwambie kuna mkazi mkubwa ambaye kwa hakika mmemkosa, Cetobacterium somerae, huyu ni maarufu sana kwenye utumbo wa sato na karpi na anatengeneza vitamini B12, sato kwa kawaida hahitaji kuwekewa B12 kwenye chakula kwasababu bakteria wake wa utumboni wanamtengenezea. Shida yake hataki hewa ya oksijeni, kwenye sahani za kawaida haoti. Kwa hiyo hao 38 sio picha ya utumbo wa sato, ni picha ya wale wanaokubali kuota kwenye sahani zenu, lakini kwa kazi yako sio vibaya, maana bakteria asiyevumilia hewa kumtia kwenye chakula ni shughuli nyingine.

Kuhusu vidonge vya binadamu. Siwezi kukwambia havifai kamwe kwasababu kuna mfano mzuri tu, Lactobacillus rhamnosus ATCC 53103 ambaye ni wa binadamu, mwaka 2001 Ufini walimpa trauti kwenye chakula kisha wakawaambukiza ugonjwa wa furankulosisi, ule wa Aeromonas salmonicida, wasiopewa walikufa asilimia 52.6, waliopewa bilioni 1 kwa gramu ya chakula walikufa asilimia 18.9. Kwa hiyo asili ya bakteria sio sheria ya mwisho. Lakini angalia waliopewa dozi kubwa zaidi, trilioni 1 kwa gramu, hao walikufa asilimia 46.3, yaani ile kinga karibu yote ilipotea. Nalitaja hili kila nikipata nafasi maana wafugaji wengi wanaamini ukizidisha ndo vizuri zaidi. Kidonge tatizo lake kubwa ni kwamba kimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu, mara nyingi kina mchanganyiko, na hujui kwa samaki wako kimepimwa lini na nani. Ukiwa na bakteria wako wa sato waliopita mchujo sioni sababu ya kwenda huko.

Kabla au baada ya peleti? Inategemea umebaki na nani. Bacillus wanatengeneza spora na spora inavumilia moto, hata kuwapata ni rahisi, unapasha sampuli nyuzi 80 kwa dakika 10, wasio na spora wanakufa, unaotesha waliobaki. Hawa unaweza kuwachanganya kabla ya mashine ya peleti za kawaida na wengi wakatoka hai, ila kwenye mashine ya chakula cha kuelea ambako joto linavuka 100 na mgandamizo ni mkubwa usiamini, pima. Bakteria wa asidi laktiki hawana spora, kuwaweka kabla ya moto ni kuwapika. Hao wanawekwa baada: waoteshe, watenganishe na supu kwa mashine ya kuzungusha, waoshe kwa maji ya chumvi safi, wapulizie kwenye peleti zilizokwisha kupoa huku unageuza taratibu zote zilowe sawasawa, waache wakauke kivulini penye upepo, kisha pitisha mafuta kidogo juu yake, mafuta yanapunguza bakteria kuoshwa na maji kabla samaki hajameza. Weka kwenye friji nyuzi 4 na tengeneza ya wiki moja au mbili tu.

Na hapa ndo naomba usiruke: hesabu bakteria kwenye chakula chenyewe, sio kwenye chupa. Siku uliyotengeneza chukua gramu moja ya peleti, saga, zimua kwa maji ya chumvi safi mara kumi kumi, otesha, hesabu, rudia siku ya 7 na ya 14. Nimeona majaribio mazuri yakisema probayotiki haisaidii kumbe samaki walikuwa wanakula bakteria waliokufa siku nyingi.

Dozi inayotumika sana ni kati ya milioni 1 na milioni 100 kwa gramu ya chakula, anzia milioni 10. Hesabu yake ni nyepesi, milioni 10 kwa gramu maana yake kilo moja inataka bilioni 10, unga wako ukiwa na bilioni 1 kwa gramu basi ni gramu 10 kwa kila kilo ya chakula, na kama kipimo kinaonesha nusu wanakufa wakati wa kukausha weka gramu 20.

Sasa jaribio la samaki. Usilinganishe bwawa moja na bwawa moja, hata mabwawa mawili yaliyopewa chakula kilekile hayafanani. Tumia matangi, angalau 3 kwa kila kundi na ukipata zaidi bora zaidi, yagawe kwa kura, na kumbuka kwenye hesabu tangi ndo namba yako sio samaki, samaki 50 kwenye tangi moja ni jibu moja. Kundi la kulinganishia lipewe chakula kilekile na mafuta yaleyale na maji ya chumvi yaleyale bila bakteria, wengi wanasahau hili halafu faida iliyotokana na mafuta inapewa bakteria. Ukiweza ongeza kundi linalopewa bakteria waliouawa kwa joto, maana wakati mwingine hata maiti zao zinaamsha kinga ya samaki, na kama wafu wanatosha basi kazi yako yote ya kuwaweka hai kwenye chakula inapungua sana. Anayelisha asijue tangi lipi ni lipi. Peleka wiki 8, pima uzito, chakula kilichotumika kwa kila kilo ya samaki, na walio hai. Vimeng'enya vya kuvunja wanga au protini unaweza kuvipima kwenye sahani kabla, ni rahisi, ila tena ni sahani, ukuaji unausoma kwenye mizani.

Kuwaambukiza samaki Aeromonas makusudi ili uone kinga kunafanyika kwenye maabara yenye kibali tu, maji yake yakitoka yameuliwa vijidudu, sio kwenye tangi nyuma ya nyumba na kamwe sio bwawani. Hapa nasisitiza maana maji yakishatoka hayarudi.

Ukishamaliza wiki 8 acha kuwapa, na uangalie utumbo kila baada ya siku chache. Mara nyingi bakteria wa chakulani hupotea ndani ya siku chache mpaka wiki chache, hata waliotoka kwa samaki wa aina hiyohiyo, kwa hiyo panga kuwapa mfululizo au kwa vipindi vinavyojulikana, mfano kabla ya kuhamisha vifaranga au msimu ambao magonjwa yanakuja. Na ukifikiria kuuza itabidi ufuate sheria za viongeza vya chakula cha mifugo za nchi unayouzia, aina ya bakteria inasajiliwa yenyewe kwa namba yake, sio jina la spishi. Pediococcus acidilactici CNCM MA 18/5M aliruhusiwa Ulaya kwa samaki jamii ya salmoni na kwa kamba, mwenzake wa spishi hiyohiyo mwenye namba nyingine hapewi kibali kwa mgongo wake.

Kuhusu kuchanganya wawili watatu, inawezekana na kuna faida, mfano Bacillus wa kuvunja chakula na mmoja wa asidi laktiki wa kumbana Aeromonas. Lakini kumbuka wote hawa umewachagua kwa sababu wanaua bakteria, kwa hiyo wapime wenyewe kwa wenyewe kwanza, mchore mmoja kwenye sahani na mwenzake amkatize, wakizuiana usiwaweke pamoja. Wakivumiliana waoteshe mbalimbali, wahesabu mbalimbali, uwachanganye wakati wa kupulizia tu, maana ukiwaotesha chupa moja yule anayekua haraka atammeza mwenzake na utabaki unalisha mmoja ukidhani ni wawili. Mi ningekushauri uanze na mmoja mmoja, mchanganyiko uwe kundi la ziada kwenye jaribio la pili, na kila aliyepita mchujo umhifadhi leo kwenye glisero asilimia 20 kwa nyuzi hasi 80, chupa kadhaa, zenye tarehe na namba ya samaki aliyetoka, kwasababu bakteria anayeoteshwa tena na tena kwenye sahani hubadilika taratibu na unaweza kujikuta unalisha mwingine asiyefanana na uliyempima.